Bomba la mteja, tanki la kubeba au boza: maji ya kuoshea kwa presha Arusha

Anayeanza kazi ya kuosha kwa kuwafuata wateja hufikiria mashine kwanza, gari pili, maji mwishoni. Mimi nilianza hivyohivyo. Nilinunua mashine nzuri ya petroli, nikapata kazi ya kwanza ya maana Njiro, uwanja wa pevingi na ukuta wa mbele, nikaunganisha mpira kwenye bomba la nje la mteja nikawasha. Kama saa moja na nusu baadaye sauti ya pampu ikabadilika. Ule mngurumo uliotulia ukawa kama mtu anayekohoa, na maji kwenye nozeli yakaanza kurukaruka. Mama mwenye nyumba akatoka na ndoo mkononi. "Kaka, hayo ndiyo maji yetu mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano, na mtaa ulikuwa kwenye mgao. Nilikuwa nimemaliza simtanki yake kwa kuosha vumbi. Nikaagiza boza, lile lori la maji, kwa pesa yangu, nikamjazia, na faida ya siku ile ikaishia hapo.

Tangu wakati huo nimefanya kazi kwa njia zote tatu: maji ya mteja, maji ninayobeba mwenyewe, na boza linalotufuata kazini. Vijana wanaoanza huniuliza ipi bora. Jibu langu hutegemea wanaosha nini, wapi na kwa gari gani, kwa hiyo nimeona nizipange hapa kwa vipimo vilevile, kila mtu achague kwa hali yake.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni kasi: maji yanafika kwa lita ngapi kwa dakika, na mashine inataka ngapi. Mashine ndogo za umeme nyingi hutumia kati ya lita 6 na 8 kwa dakika. Za petroli za kazi, 10 mpaka 15. Imeandikwa kwenye kibandiko. Kama kimeandikwa kwa saa, gawanya kwa 60. Upande wa bomba, chukua dumu la lita 20, lijaze huku unahesabu kwa simu. Likijaa kwa dakika mbili, una lita 10 kwa dakika. Jaribio hili halina gharama yoyote, na bado naona watu wakiwasha mashine bila kulifanya. Bomba likizidiwa na mashine, pampu inavuta upepo, na sili, zile pete za mpira zinazozuia maji kuvuja ndani ya pampu, zinaanza kuharibika kabla hujasikia chochote.

Hapo hapo kumbuka kwamba mkono haubonyezi bunduki ya kupigia maji muda wote. Unahama, unasogeza mpira, unapiga sabuni, unasugua. Kwenye kazi zangu maji hutoka nusu mpaka theluthi mbili ya muda. Mashine ya lita 12 kwa dakika, kwa saa moja ya kazi, hula basi kati ya lita 360 na 480.

Cha pili ni gharama, na hapa hesabia mafuta ya gari na saa za kusubiri tanki lijae pamoja na bei ya maji. Cha tatu ni uhakika: siku uliyoahidi, maji yatakuwepo? Cha nne ni mzigo kwa mashine na gari. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Cha tano ni ubora wa maji, ambao Arusha una sura yake. Visima vingi vya huku vina maji ya magadi, na yakikauka juu ya kioo au rangi nyeusi yanaacha madoa meupe. Floraidi, ambayo tumeizoea kwa madhara yake kwenye meno, haisumbui kazi ya kuosha, lakini itarudi kwenye habari ya boza.

Bomba la mteja

Kasi. Hapa ndipo njia hii ilipo dhaifu, na dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Swali la kwanza kwa mteja: bomba hili la nje linatoka mtaani moja kwa moja, au kwenye simtanki? La mtaani hubadilika kwa saa. Asubuhi majirani wote wanapochota linatiririka kidogo, usiku linapiga. La kwenye simtanki hutegemea urefu wa mnara. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bari moja tu (bari ni kipimo cha presha), kwa hiyo simtanki iliyo juu ya stendi ya mita 3 inakupa 0.3, na ikipita kwenye bomba la nusu inchi na mpira mrefu wa bustani, ukifika kwenye mashine hakuna kitu.

Dawa ni tanki dogo la katikati. Weka simtanki ya lita 250 karibu na mashine, bomba la mteja lijaze humo, mashine ivute humo. Tuseme bomba linatoa lita 6 na mashine inataka 12. Ukibonyeza bunduki bila kuachia, tanki linapungua lita 6 kila dakika, litakwisha baada ya dakika 40 hivi. Lakini hakuna anayebonyeza dakika 40 mfululizo. Ukibonyeza nusu ya muda, wastani wa mashine ni lita 6, sawasawa na bomba, na tanki halikauki. Bomba ulilokuwa unalidharau limetosha, kwa sababu lilikuwa linafanya kazi hata wakati wewe unasugua.

Jambo moja msilipuuze: mdomo wa mpira unaojaza tanki hilo ubaki juu ya maji, usizame ndani. Presha ya mtaani ikikatika ghafla, na huku hukatika, mpira uliozama unaweza kunyonya maji ya tanki lako kurudi kwenye mabomba ya nyumba. Kama humo mna sabuni, umeitia kwenye maji ya kunywa ya watoto wa watu. Funga mpira kwa waya kwenye mdomo wa tanki, kiganja kizima juu ya usawa wa maji.

Gharama. Kwako ni karibu sifuri, na kwa mteja ni ndogo kuliko anavyohofia. Yuniti moja kwenye bili ya maji ni lita 1,000. Saa mbili za mashine ya lita 12 ni chini ya yuniti moja. Mweleze kabla hujaanza, umwonyeshe mita kabla na baada. Mteja anayeuona mchezo wa namba mwenyewe hakusumbui mwisho wa kazi.

Uhakika. Uko mikononi mwa mgao. Mimi hupiga simu jioni ya kuamkia kazi. "Shikamoo mama. Kesho maji yapo mtaani kwenu? Na simtanki imejaa, au nusu?" Nusu dakika ya maneno. Simtanki ikiwa ndiyo chanzo, nakubaliana naye nitaishia alama gani, kisha nagonga ubavuni kadiri kazi inavyokwenda. Sauti nzito ni maji, sauti tupu ni hewa.

Mashine na gari. Gari halibebi kitu zaidi ya mashine na tanki tupu, hata Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inatosha. Weka chujio kwenye mdomo wa kuvutia, maana mabomba yaliyokaa bila maji siku mbili yakirudi huja na mchanga na kutu. Acha bomba litiririke kwanza mpaka maji yawe meupe. Na usiache mpira mweusi juani ukiwa umejaa. Mashine nyingi haziruhusu maji ya kuingia yazidi nyuzi 40, na mpira wa Januari unazifikia.

Inamfaa mwenye wateja wa majumbani wenye simtanki kubwa au kisima, na mwenye mtaji mdogo. Haimfai anayeosha kwenye viwanja visivyo na maji au anayepanga kazi nne kwa siku.

Tanki la kubeba

Hii ndiyo njia ninayoitumia zaidi sasa, na ndiyo yenye makosa mengi ya kujifunza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kasi. Eneo la kazi hakuna mjadala: tanki liko juu ya gari, pampu iko chini yake, maji yanashuka yenyewe. Mpira wa kuvutia uwe mfupi, mpana kuliko mdomo wa mashine, na mgumu, usijikunje ukivutwa. Viungo vyote vifungwe kwa bana. Pampu ikivuta, tundu dogo upande wa kuvutia halitoi maji nje. Linaingiza upepo ndani, na fundi atakufungulia pampu nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Tatizo la kasi liko nyumbani, wakati wa kujaza. Bomba la lita 10 kwa dakika linajaza lita 1,000 kwa dakika 100. Mwaka wa kwanza nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kusimama na mpira. Kisha fundi bomba mmoja wa Kijenge akaniuliza kwa nini nasubiri maji ya mtaani yaingie kwenye gari wakati yangeweza kuingia kwenye simtanki usiku kucha bila mimi. Nikajenga stendi ya zege, nikaweka simtanki ya lita 3,000 yenye boya, nikatoboa chini tundu la inchi moja na nusu na koki yake. Sasa maji ya mgao yanajikusanya yenyewe nikiwa nimelala, na asubuhi gari linajaa chini ya robo saa. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uwazi wa bomba unaongezeka mara nne, na nusu inchi kwenda inchi moja na nusu ni mara tisa. Pesa niliyotumia kwenye stendi ile imerudi kwa njia ya asubuhi zangu.

Gharama. Maji ni nafuu, mafuta siyo. Gari lililobeba tani ya maji kupanda Ilboru au Sekei linakunywa tofauti na gari tupu. Kuna pia bili: mamlaka za maji zina bei ya majumbani na bei ya biashara. Anayejaza kila siku kwa ajili ya kazi aende AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, aulize awekwe daraja gani, akae kwa amani.

Uhakika. Ni mkubwa kuliko njia nyingine mbili, mradi ulijaza. Mgao wa mtaa wa mteja haukuhusu. Kikomo chake ni ujazo: maji yakiisha katikati ya kazi, umekwama mpaka urudi nyumbani. Hesabu yangu ya kuanzia kwa pevingi zenye vumbi letu jekundu, kabla sijaona mafuta wala ukungu, ni lita 10 kwa mita moja ya mraba. Tanki la lita 600 basi ni mita 60. Uwanja wa mita 200 ni lita 2,000, na hapo tanki la kubeba peke yake linakuwa safari za kwenda na kurudi.

Mashine na gari. Kirikuu imesajiliwa Japani kubeba kilo 350. Mnaifahamu inavyobebeshwa magunia huku, lakini gunia halichezi. Maji yanacheza. Tanki la lita 500 likiwa nusu, ukishika breki kwenye mteremko, robo tani nzima inakimbilia mbele, na kwenye kona inakimbilia upande. Nimewahi kulisikia hilo mgongoni nikishuka, gari limesimama lakini maji bado yanakuja, na kishindo chake sitakisahau. Kwa Kirikuu nisingezidi lita 200, ukihesabu watu wawili na mashine. Pikapu ya tani moja ibebe lita 600 au 700. Lile tanki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma lenyewe tupu lina kilo 60 hivi. Weka maji, mashine na vijana wawili, na pikapu ya tani moja imezidiwa kabla hujatoka getini. Hilo ni la lori kama Canter.

Tembea likiwa limejaa pomoni au tupu kabisa, kila unapoweza. Likibidi kuwa nusu, punguza mwendo. Nafuu zaidi ni matanki mawili madogo badala ya moja kubwa: unamaliza moja kwanza, na jingine linabaki limejaa. Lisogeze karibu na kabini, lifunge kwa mikanda ya mizigo pande mbili. Kamba ya katani ikilowa inakaza, kisha ikikauka inalegea.

Ubora ndio raha ya njia hii. Unajua maji yako yalikotoka. Kwa magari ya watalii, ambayo yanarudi kutoka Ngorongoro na Serengeti yamevaa vumbi mpaka ndani ya bawaba, natumia maji ambayo nimeshayajaribu kwenye kioo changu: tone moja, juani, likauke. Likiacha duara jeupe, hayo ni ya pevingi, si ya gari.

Inamfaa mwenye kazi ndogo nyingi kwa siku, magari, makapeti, mabaraza ya maduka, na mwenye gari la kubeba kwa halali. Dakika 15 za kubonyeza mashine ya lita 10 ni lita 150, kwa hiyo lita 600 zinamaliza Land Cruiser nne bila kumsumbua mtu maji.

Boza

Kasi. Boza lenyewe linamwaga kwa haraka sana. Shida ni kwamba dereva hakai kukusubiri uoshe lita 5,000 kwa bunduki ya lita 12 kwa dakika. Hiyo ni siku nzima. Kwa hiyo boza linahitaji pa kumwagia. Kama mteja hana matanki, yalete wewe, matupu, matatu ya lita 2,000, yapangwe pale boza linapofika na mpira wake unapofika. Nenda ukapime siku moja kabla. Mpira wa boza kupungukiwa mita tano ni jambo dogo mpaka likutokee.

Gharama. Kwa lita, ni ya juu kuliko zote. Kwa kazi kubwa inaweza kuwa nafuu kuliko zote, kwa sababu timu ya watu wanne haisimami. Iweke wazi kwenye makadirio unayompa mteja, mstari wake peke yake, asiione kama ujanja.

Uhakika. Unategemea simu ya mtu mwingine. Kiangazi, mgao ukibana, kila mtu anamtaka yeye. Masika, kati ya Machi na Mei, maji yapo lakini barabara za ndani hazipo: udongo mweusi wa Muriet na kwa Mrombo hauchagui gari, na boza lililojaa likizama pale, kazi ya kesho pia imeondoka. Weka nafasi siku mbili mapema, na uwe na namba ya boza la pili.

Mashine na gari. Gari lako linabaki jepesi. Ila chuja maji mara mbili, yanapoingia tankini na yanapoingia mashineni.

Ubora. Uliza limechota wapi. Nilipomjazia simtanki yule mama wa Njiro sikuuliza, na leo nisingefanya hivyo. Maji ya kisima fulani yanaweza kuwa safi kwa macho na bado yakazidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Tanzania kwa maji ya kunywa, na kuchemsha hakuiondoi. Ukilazimika kumfidia mteja kwa boza, mwambie haya ni ya kufulia na kuogea mpaka ajue chanzo, na kama ana tanki jingine tupu, tia huko.

Inamfaa mwenye kazi ya siku nzima mahali pamoja: hoteli, godauni, shule wakati wa likizo, nyumba mpya inayosafishwa baada ya ujenzi.

Na mto je?

Naulizwa kila mwezi, kwa kuwa Themi, Naura na Burka zinapita katikati yetu. Mimi sivuti huko. Kutumia maji ya mto kwa biashara kunahitaji kibali, na kwa Arusha hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Tope lake pia linasaga pampu. Na sabuni tunayomwaga mitaroni inaishia humohumo, inakwenda mto Kikuletwa mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa watu wanaovua na kumwagilia. Elekeza maji yako machafu kwenye udongo au bustani ya mteja, baada ya kumuuliza.

Ukiwa na hali hii

Una mashine ndogo ya umeme, huna gari, unakodi bajaji: kaa kwenye bomba la mteja, nunua simtanki ya lita 250 na dumu la kupimia kabla ya kitu kingine chochote.

Una Kirikuu na wateja wa magari: beba lita 200 na uongeze kwenye bomba la mteja unapofika. Nusu ya kazi zangu za zamani zilikwenda hivyo, na hiyo ni njia kamili.

Una pikapu na kazi tatu au nne kwa siku Njiro, Sakina, Moshono: weka pesa kwenye stendi na simtanki ya nyumbani kabla ya kuongeza tanki la gari. Kujaza kwa haraka kutakupa kazi moja ya ziada kwa siku, na tanki kubwa litakupa springi za kubadilisha.

Umepata uwanja wa mita 500 Usa River au Kisongo: ni lita 5,000 kwa hesabu ya kuanzia, ongeza 1,000 za uchafu ambao hukuuona. Kama mteja ana kisima, kipime kwa dumu asubuhi, kisha mchana tena, kwa sababu pampu ya kisima hupungua kadiri maji yanavyoshuka. Kama hana, agiza boza, na beba tanki lako limejaa hata hivyo. Boza likichelewa mpaka saa tano, vijana wako watakuwa wameshamaliza upande wa geti.